Pembea ya Ajabu: Msimulizi na Tafsiri katika Kipindi cha Vikaragosi cha Watoto

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kukihakiki kipindi cha televisheni cha vikaragosi ambacho kilipendwa mno na watoto wa Ufaransa na Uingereza tangu katikati ya miaka ya 1960. Kwa Kifaransa kiliitwa Le Manège enchanté, na kwa Kiingereza The Magic Roundabout. Sisi tutakiita Pembea ya Ajabu, kwa kuwa kitu kinachotajwa katika majina hayo ni ile pembea ya kuzunguka yenye farasi wa mbao, ambayo mtoto wa Mombasa huijua kutokana na viwanja vya sikukuu ya Idi.

Huenda msomaji akauliza: jarida la lugha za Kiafrika lina haja gani na vikaragosi vya Ulaya? Swali hilo ni la haki. Jawabu letu ni kwamba kipindi hiki ni mfano adimu wa kazi ya sanaa yenye picha zile zile na matini mbili zisizofanana. Mfaransa aliyekitazama na Mwingereza aliyekitazama waliona mbwa yule yule akipita katika bustani ile ile, lakini walisikia hadithi mbali mbali. Basi tukitaka kupima kile ambacho lugha peke yake huongeza katika kazi ya kuigiza, hapa tumepewa mizani iliyo tayari. Tena suala lenyewe linatuhusu. Watoto wetu hutazama katuni nyingi zilizotoka ng'ambo. Mara nyingi huzisikia katika lugha ya kigeni, na zikiletwa kwa Kiswahili, huwa ni Kiswahili cha kufuata neno kwa neno, kilichopauka mithili ya nguo iliyofuliwa kupita kiasi.

Asili ya Kipindi

Mtunzi wa Pembea ya Ajabu alikuwa Mfaransa Serge Danot. Alikitengeneza kipindi chake mjini Paris kwa ushirikiano na Mwingereza Ivor Wood, fundi wa vikaragosi ambaye baadaye alijulikana kwa vipindi vingine vya watoto kama vile The Wombles na Postman Pat. Televisheni ya taifa ya Ufaransa, ORTF, ilianza kukionyesha Oktoba 1964. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1965, BBC nayo ikaanza kukionyesha kwa Kiingereza, ikaendelea hadi mwaka 1977. Kila sehemu ilichukua dakika tano hivi, na Waingereza walionyeshwa sehemu zaidi ya 400.

Kisa kinachoanzisha yote ni chepesi. Mzee mmoja anamiliki pembea ambayo watoto wamekwisha kuiacha. Amekaa na huzuni yake. Ndipo anapotokea Zebedee, kiumbe asiye na miguu, mwenye masharubu marefu na springi mahali pa miguu, akatoka katika sanduku na kuitia pembea ile uchawi wa kheri. Tangu hapo watoto wanarudi, na msichana mmoja, Florence, anapata marafiki wapya: Dougal, mbwa mwenye manyoya marefu, Brian, konokono, Ermintrude, ng'ombe mwenye ua mdomoni, na Dylan, sungura mpiga gitaa ambaye usingizi haumwachi.

BBC ilikiweka kipindi jioni, mara tu kabla ya taarifa ya habari. Jambo hili si dogo. Saa hiyo baba na mama walikuwa wamerejea kutoka kazini na wameketi kungojea habari, hivyo wakajikuta wanatazama pamoja na watoto wao. Mwaka 1966, BBC ilipokisogeza kipindi nyuma hadi saa 11 kasoro dakika 5, waliolalamika zaidi walikuwa watu wazima, na kikarudishwa. Ni dhahiri basi kwamba hadhira ya kipindi hiki ilikuwa ya namna mbili, na mhakiki asiyelizingatia hilo hataielewa lugha yake.

Fani ya Picha

Vikaragosi hivi havikuendeshwa kwa nyuzi wala kwa mkono ulioingizwa ndani. Kila kimoja kilisogezwa kidogo, kikapigwa picha, kikasogezwa tena, kikapigwa picha nyingine. Na kwa kuwa sekunde moja ya filamu ya televisheni ya Ulaya huwa na picha 25, kazi ya dakika tano ilidai subira isiyo ya kawaida. Uzito wa kazi hiyo ulizaa uchache wa vitu katika mandhari. Ardhi ni nyeupe tupu, miti ni michache na ya mviringo, na maua yanatosha kuhesabiwa. Dougal haonyeshi miguu, manyoya yake yanafika chini, kwa hiyo hateremki wala hapandi bali huteleza kama brashi ya kusugulia sakafu. Zebedee haji kwa kutembea. Huruka tu kwa springi yake na kutua.

Tunaweza kuuona uchache huu kuwa ni umaskini wa fani. Sisi tunauona kuwa ni ukarimu kwa hadhira. Mandhari ambayo haikujazwa humwachia mtazamaji kazi ya kuijaza. Mtoto aliyeketi mbele ya nyanya yake akisikiliza hadithi ya sungura na fisi haonyeshwi msitu. Anapewa neno msitu, na msitu anauota mwenyewe. Picha za Danot zinasimama karibu zaidi na neno la nyanya huyo kuliko katuni nyingi za siku hizi, ambazo hazimwachii mtoto hata pembe moja ya kivuli.

Lakini kuna jambo la kifani lililo muhimu zaidi kwa makala haya. Vinywa vya vikaragosi hivi havifunguki wala havifumbiki kwa kufuata maneno. Kinywa cha Dougal kimefunikwa na manyoya, na ng'ombe ana ua lake mdomoni. Kwa hiyo maneno hayakufungwa katika picha. Mtu yeyote mwenye sauti na akili angeweza kuitazama picha ile na kuisemea.

Matini Mbili

Katika Kifaransa wahusika walisemewa na waigizaji kadhaa, na sehemu kubwa ya ucheshi ilitokana na lafudhi. Mbwa, ambaye huko jina lake ni Pollux, alizungumza Kifaransa kwa lafudhi nzito ya Kiingereza. Sungura, aliyeitwa Flappy, alizungumza kwa lafudhi ya Kihispania. Yaani Mfaransa alichekeshwa na mgeni anayejitahidi kwa Kifaransa na kushindwa. Ni ucheshi unaojulikana kila mahali. Sisi pia tuna vichekesho vya redioni na vya jukwaani vinavyotegemea jinsi mtu wa kabila fulani anavyokitamka Kiswahili.

Sasa, ucheshi wa lafudhi hauna tafsiri. Mbwa anayechekesha kwa sababu ni Mwingereza kati ya Wafaransa, akipelekwa London atakuwa mbwa tu kati ya mbwa. Mfasiri anayefuata neno kwa neno angebaki na maneno yote na kupoteza kicheko chote.

BBC ilimpa kazi hii Eric Thompson, mwigizaji aliyekuwa pia mmoja wa watangazaji wa kipindi cha watoto cha Play School. Thompson hakuifasiri miswada ya Kifaransa. Alizitazama picha sauti ikiwa imezimwa, akajiuliza viumbe hawa wanafanya nini na kwa nini, kisha akawaandikia hadithi na mazungumzo mapya kabisa, akayasoma mwenyewe. Mbwa wake, Dougal, si mgeni wa kuchekwa. Ni mwenyeji mwenye majivuno, mwepesi wa kununa, mvivu wa kazi, mlafi wa vipande vya sukari, na mwenye maoni yake juu ya kila jambo. Watu wengi waliona ndani yake kivuli cha Tony Hancock, mchekeshaji mashuhuri wa redio na televisheni ya Uingereza wa miaka ya 1950. Sungura naye alipewa jina la mwimbaji Bob Dylan na kufanywa kijana wa zama zake, mwenye kusinzia na kunena kwa kuvuta maneno. Kwa jumla Thompson alichukua picha za Kifaransa akazipa jamii ya Kiingereza: mtu wa makamo anayenung'unika, kijana aliyejiachilia, mama mchangamfu apendaye kuimba, jirani mpole asiyekasirika kamwe.

Sauti Moja

Tofauti ya pili baina ya matini hizi mbili ni idadi ya sauti. Katika Kiingereza sauti ni moja tu, ya Thompson. Yeye ndiye msimulizi, na yeye ndiye mbwa, konokono, ng'ombe na msichana. Hajigeuzi sana anapotoka kwa mhusika mmoja kwenda kwa mwingine. Hulegeza au kukaza sauti kidogo, kisha hutuambia nani amesema. Kwa maneno mengine, hakuigiza bali alisimulia.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi atamtambua mtu huyu mara moja. Ni fanani. Ngano zetu zina wahusika wengi, lakini kinywa ni kimoja, na utamu wa ngano hauko katika kumsahau msimulizi bali katika kumsikia akiwa nyuma ya kila mhusika, akimcheka huyu na kumhurumia yule. Kipindi kina hata mianzo na miisho yake maalumu. Muziki wa pembea hufungua mlango kama paukwa na pakawa zinavyoufungua kwetu, na mwishoni Zebedee hutokea na kutangaza kwamba wakati wa kulala umefika. Saa ya kutangaza hivyo ilikuwa bado mapema, nao watoto walijua kwamba hawaendi kulala. Walijua pia kwamba hadithi imekwisha. Hiyo ndiyo kazi ya kimalizio: humrudisha msikilizaji katika ulimwengu wa kawaida bila kumgutusha.

Tena si katika ngano tu ambapo Afrika ya Mashariki inaifahamu sauti ya namna hii. Mjini Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, sauti yake moja ikiwasemea wahusika wote na kuwafafanulia watazamaji yale ambayo picha haikuyaeleza. Hapa Kenya, DJ Afro amejipatia hadhira kubwa kwa kazi kama hiyo, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Wako wasomi wanaoidharau kazi hii kwa kuwa si tafsiri sahihi, na kwa kuwa lugha yake si sanifu. Wasomi hao hao wangekuwa tayari kumsifu Thompson. Lakini kanuni ya sanaa ni moja. Wote hawa waliketi mbele ya picha iliyotoka kwingine, wakaisoma, wakaisemea kwa watu wao. Kama Thompson ni msanii, basi na wasimulizi wetu wahakikiwe kwa vipimo vya msanii, wakosolewe wanapokosea na wasifiwe wanapofaulu.

Je, Huu ni Usaliti?

Pingamizi kubwa dhidi ya njia ya Thompson ni kwamba alimvunjia Danot haki yake. Mtunzi aliandika kitu, na mtu mwingine akakitupa. Pingamizi hili lina uzito, na haifai kulijibu kwa kusema tu kwamba watu walifurahi.

Historia ya fasihi yetu inatupa njia mbili za kulitazama. Sayyid Aidarus alipoitia Hamziya ya al-Busiri katika Kiswahili, aliufuata ubeti wa Kiarabu kwa ubeti wa Kiswahili, kwa sababu matini ile ilikuwa ya ibada na uaminifu ulikuwa sehemu ya ibada yenyewe. Mwengo wa Athman, alipotunga Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728, alichukua visa vya vita vilivyotoka katika mapokeo ya Kiarabu akavitungia utendi wa Kiswahili wenye pumzi na mpangilio wake. Hatumwiti Mwengo msaliti. Tunamwita mtunzi. Hata Mwalimu Nyerere, aliyezifasiri tamthilia za Shakespeare kwa uangalifu, hakuepuka kufasili. Mfanyabiashara mmoja wa jina la Kiingereza aligeuka kuwa Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na katika neno hilo moja, tena la wingi, umo mtazamo mzima wa Tanzania ya wakati huo.

Hata hivyo tusikimbilie kusema kwamba uhuru ni mwema daima. Historia ya Pembea ya Ajabu yenyewe inatukataza. Mwaka 2005 ilitolewa filamu ndefu iliyotengenezwa kwa kompyuta, yenye wahusika hao hao na sauti za watu mashuhuri. Mwaka 2006 filamu hiyo ilitolewa Marekani kwa jina la Doogal, mazungumzo yake yakiwa yameandikwa upya na sehemu kubwa ya sauti zikiwa zimebadilishwa. Kitendo ni kile kile alichokifanya Thompson: kuziacha picha na kubadili maneno. Lakini wahakiki waliipokea vibaya mno.

Tofauti iko wapi? Kwa maoni yetu iko katika usomaji wa picha. Thompson aliianza kazi yake kwa kutazama. Aliona mbwa ambaye huteleza badala ya kutembea, na katika kuteleza kule akasoma majivuno. Aliona konokono asiye na haraka, akampa uchangamfu usiovunjika moyo. Maneno yake yalikuwa tafsiri, ila yalikuwa tafsiri ya picha. Waandishi wa Doogal waliyarundika maneno juu ya picha, wakiazima mizaha kutoka filamu na vipindi vingine vilivyojulikana wakati huo, na mizaha ya namna hiyo ingeweza kubandikwa juu ya kiumbe chochote. Kipimo basi kisiwe umbali kati ya matini mpya na matini ya zamani. Kipimo kiwe hiki: je, maneno haya yangeweza kusemwa na mhusika mwingine yeyote? Kama yangeweza, mfasiri hajafanya kazi yake, awe amefuata neno kwa neno au awe ameliacha kila neno.

Maudhui na Heshima kwa Mtoto

Mtu akiyatafuta mafunzo katika matini ya Thompson hatayapata kwa urahisi. Dougal haponi majivuno yake. Analala na tabia yake na kuamka nayo, na rafiki zake wanaishi naye hivyo hivyo. Konokono hutukanwa leo na kesho hurudi kusalimia. Hakuna anayesimama mwishoni kutuambia kwamba majivuno ni mabaya.

Hapa ndipo fasihi yetu ya watoto inapohitaji kujitazama. Vitabu vyetu vingi vya watoto vimeandikwa kama kwamba mtoto ni mtungi mtupu unaongoja kutiwa adili. Mwizi sharti akamatwe, mtoro sharti aumizwe, na kama msomaji hajaelewa, ukurasa wa mwisho utamweleza. Ngano zenyewe hazikuwa hivyo daima. Sungura wa ngano ni mwongo na mara nyingi hushinda, na Abunuwasi hatubu. Msimulizi wa zamani alimwamini mtoto kwamba ataweza kucheka na kupima kwa wakati mmoja. Thompson alikuwa na imani hiyo. Hakuyapunguza maneno yake kwa kuwa wasikilizaji ni wadogo. Alitumia msamiati wa watu wazima na kinaya cha watu wazima, na mtoto asipolielewa neno alibaki na sauti yake hadi siku atakapolielewa.

Ziko hatari pia. Kinaya kinachopita juu ya kichwa cha mtoto kinaweza kumgeuza mtoto kuwa kisingizio, mzaha ukawa baina ya mwandishi na mzazi. Kuna nyakati ambapo Thompson anaikaribia hatari hiyo. Na jambo lililotokea baadaye linaionyesha wazi. Watazamaji walipokua, ulienea uvumi kwamba sukari ya mbwa na usingizi wa sungura vilikuwa ni mafumbo ya ulevi wa vijana wa miaka ile. Uvumi huo unatueleza zaidi juu ya watu wazima kuliko juu ya kipindi. Mtu mzima anayekumbuka utoto wake huona vigumu kukubali kwamba kitu kilichompendeza kiasi kile kilikuwa chepesi. Hukitafutia siri ili apate kibali cha kuendelea kukipenda.

Hamu ya utotoni ni shahidi ambaye mhakiki humsikiliza kwa hadhari. Hata hivyo shahidi huyu hapaswi kufukuzwa barazani. Wale waliokuwa watoto wakati ule, wanapokumbuka, hawakumbuki visa. Visa vilikuwa vidogo mno. Wanakumbuka sauti. Thompson alifariki mwaka 1982, Danot mwaka 1990, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 sehemu ambazo Waingereza hawakuwa wameonyeshwa zilisomwa na Nigel Planer katika Channel 4. Msomaji alibadilika, lakini namna ya kusoma ilibaki ile ile, mtu mmoja akiwasemea wote. Sauti iliyoanza kama suluhisho la tatizo la tafsiri ilikuwa imekwisha kuwa desturi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kufaulu kwa Pembea ya Ajabu kwa Kiingereza kulitokana na mambo matatu: picha zilizoacha nafasi, msimulizi aliyezisoma kabla ya kuzisemea, na lugha isiyomdunisha mtoto. Hakuna hata moja kati ya haya linalodai fedha nyingi.

Afrika ya Mashariki haijalala. Tinga Tinga Tales, iliyoonyeshwa na BBC kuanzia mwaka 2010, ilichorwa na kutiwa uhai na mafundi wa Nairobi kwa mtindo wa wachoraji wa Dar es Salaam, ingawa ilisimuliwa kwa Kiingereza. Ubongo Kids ilianza Tanzania mwaka 2014 kwa Kiswahili. Mikono tunayo, na lugha tunayo. Kinachokosekana ni kumtambua msimulizi kuwa ni mwandishi kamili, alipwe kama mwandishi, na apewe picha muda wa kutosha kabla ya kupewa maikrofoni.

Idara zetu zina sehemu yao. Mafunzo yetu ya tafsiri hushughulikia sana hati, sheria na vitabu, na fasihi simulizi hufundishwa katika chumba cha pili kana kwamba ni taaluma ya mbali. Mwanafunzi apewe filamu fupi isiyo na sauti, aambiwe aisimulie kwa watoto wa chekechea kwa Kiswahili cha mahali pao, kisha kazi hiyo irekodiwe na kujadiliwa. Watoto watakaosikiliza watakuwa wahakiki wa kwanza. Wakiinuka kabla ya dakika tano kwisha, mwanafunzi atakuwa amepata maksi zake.